UTULIVU HUU UNA DINI YAKE
Jibu kwa wanaodai kuwa taamuli ya Kibuddha ni mazoezi ya pumzi tu

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, limeenea neno miongoni mwa vijana wetu, hasa walioko vyuoni na maofisini, kwamba mtu aliyeelemewa na dhiki za dunia hana haja ya kuhangaika sana. Na akae kitako, afumbe macho, aifuatilie pumzi yake ikiingia na kutoka, na moyo wake utatulia. Ukiwauliza mafunzo haya yametoka wapi, watakujibu bila kusita kuwa yametoka kwa Wabuddha. Ukiwauliza inakuwaje basi Muislamu akayafuata, watakwambia kuwa dini imekwisha kuondolewa ndani yake, kama kokwa linavyoondolewa katika embe, ikabaki nyama tamu isiyomdhuru mtu. Si ibada, wanasema; ni zoezi, kama kukimbia ufukweni asubuhi.

Upande wa pili wako wahubiri wetu ambao, wakiulizwa juu ya jambo hilo hilo, hujibu kwa neno moja: uchawi. Husema kwamba anayekaa vile anaita majini, kisha huteremka mimbarini wakidhani kuwa wamekwisha kujibu. Kijana aliyekwisha kukaa na kuifuatilia pumzi yake anajua kuwa hakuona jini. Aliona goti lake likimuuma na akili yake ikitangatanga. Akisikia jibu la namna hiyo, huacha kumwamini mhubiri katika hilo, na pengine katika mengine pia.

Sisi tunasema kuwa makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hakuna katika wao aliyekitazama kitu chenyewe. Takriban mwaka 1030, mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni aliandika kitabu kikubwa juu ya India, akashika kanuni ya kuyaeleza maneno ya watu wa nchi ile kama wenyewe wanavyoyasema, hata yale ambayo Muislamu hayakubali. Nasi tufuate mwendo huo. Tueleze kwanza, kisha tuhukumu.

ASILI YA NJIA HII

Wabuddha wanamfuata Siddhartha Gautama, waliyempa jina la Buddha, yaani Aliyeamka. Kwa mapokeo yao, aliufikia mwamko huo akiwa amekaa chini ya mti huko Bodh Gaya, kaskazini mwa India, karne tano hivi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Mafunzo yake ya taamuli yana sehemu mbili. Ya kwanza ni samatha, yaani kuituliza akili kwa kuifunga kwenye jambo moja, na mara nyingi jambo hilo ni pumzi. Ya pili ni vipassana, yaani kuona kwa uwazi. Hapo akili iliyotulia huelekezwa kuutazama mwili na hisia mpaka mtu ayaone mambo matatu: kwamba kila kitu hupita, kwamba katika kila kipitacho mna taabu, na kwamba hakuna ndani yake nafsi inayodumu. Wao huyaita anicca, dukkha na anatta. Msomaji ayahifadhi maneno hayo, maana tutayarejea.

Kwa karne nyingi kazi hii ilikuwa zaidi ya watawa. Waumini wa kawaida waliwalisha watawa hao, wakatoa sadaka na kushika miiko ya dini yao. Mabadiliko makubwa yalitokea Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar. Mwaka 1885 Waingereza waliuteka mji wa Mandalay na kumwondoa mfalme, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini. Mtawa mmoja, Ledi Sayadaw (1846–1923), alihofu kuwa dini yao ingedhoofika chini ya utawala wa kigeni, akawafundisha watu wa kawaida elimu ya dini pamoja na taamuli. Zingatieni hilo vyema. Taamuli ya watu wa kawaida, ambayo leo tunaambiwa kuwa haina dini, ilienezwa ili kuilinda dini.

Katika silsila hiyo alitokea U Ba Khin (1899–1971), Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma, ambaye mwaka 1952 alifungua kituo cha taamuli mjini Rangoon. Mwaka 1955 aliingia kwake mfanyabiashara kijana mwenye asili ya Kihindi, S. N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay, aliyeteswa na kipandauso mpaka akawa anatibiwa kwa sindano za mofini. Goenka mwenyewe alikisimulia mara nyingi kisa hicho. Alipomwambia mwalimu kuwa amekuja kutafuta dawa ya kichwa, mwalimu alikataa kumpokea. Alimweleza kuwa njia hii ni ya kuusafisha moyo na kuukata mzizi wa taabu, na kwamba kuifanya dawa ya kichwa ni kuishusha thamani. Goenka, aliyekuwa Mhindu, alikwisha kusita kwa miezi kadhaa akichelea kutolewa katika dini ya wazee wake. Hatimaye aliingia, na siku ya pili alitaka kutoroka.

Basi hawa wanaotuletea taamuli kama dawa ya kichwa wanauza kitu ambacho mwenye nacho alikataa kukiuza.

SIKU KUMI ZA MWANAFUNZI MGENI

Mwaka 1969 Goenka alikwenda kufundisha India, na mwaka 1976 kituo chake kikuu kikafunguliwa Igatpuri, si mbali na Mumbai. Alifariki mwaka 2013, lakini mafunzo yake ya siku kumi yanaendelea katika nchi nyingi kwa sauti na picha zake zilizorekodiwa. Tumchukue kijana wa mfano, anayeingia humo kwa mara ya kwanza.

Tuseme kwanza la haki: hatozwi ada. Gharama hulipwa na waliomaliza kabla yake wakapenda kutoa. Hukabidhi simu, vitabu na kalamu. Wanaume hutengwa na wanawake. Huahidi kutoua, kutoiba, kujizuia na tendo la ndoa kwa muda wote wa mafunzo, kutosema uongo na kutotumia kilevi. Hunyamaza kimya mpaka asubuhi ya siku ya kumi, isipokuwa akiwa na swali kwa mwalimu au haja kwa wahudumu. Kengele humwamsha saa kumi za alfajiri, na hukaa kitako kwa jumla ya saa kumi hivi kila siku, mpaka taa zizimwe saa tatu na nusu usiku.

Siku tatu za kwanza na nusu ya nne, kazi yake ni moja tu: kuitazama pumzi inapopita kwenye tundu za pua. Asiivute kwa nguvu wala kuizuia. Na hapa ndipo mgeni hugundua jambo ambalo hakulijua kwa miaka yote ya uhai wake: haitawali akili yake hata kidogo. Pumzi tatu hazijatimia, naye amekwisha kufika sokoni. Akiirudisha, hukimbilia kwenye deni. Akiirudisha tena, huenda kwenye ugomvi wa miaka mitano iliyopita ambao alidhani ameusamehe. Magoti huwaka moto, mgongo hukakamaa, miguu hufa ganzi. Baada ya chakula usingizi humwangusha. Jirani akikohoa, humchukia kama adui. Kisha huja swali lililo zito kuliko yote: nimekuja kufanya nini hapa?

Wabuddha hawashangazwi na hali hiyo. Tangu zamani wamevihesabu vizuizi vitano vya anayeanza: tamaa ya starehe, chuki, uzito na usingizi, wahaka pamoja na majuto, na shaka. Ni maelezo sahihi ya mwanadamu, na hatuna sababu ya kuyakanusha. Mwenye kusali kwa mazingatio anavijua vyote vitano kwa majina mengine.

Akivumilia, mambo huanza kubadilika. Fikra hupungua kasi. Pumzi huwa nyembamba. Huja nyakati fupi ambazo kifua ni chepesi na hakuna anachokitaka. Wengine hutokwa na machozi bila kujua sababu. Siku ya nne hufundishwa vipassana yenyewe: kuupitisha uangalifu mwilini kutoka utosini hadi vidoleni, akitazama joto, mwasho, uzito na maumivu bila kuyapenda wala kuyachukia. Mara tatu kwa siku hutakiwa akae saa nzima bila kuondosha mkono, mguu wala kufumbua macho. Na humo huliona jambo la ajabu: maumivu ya goti aliyodhani ni jiwe moja, kumbe ni mawimbi yanayokuja na kwenda, na yasipochukiwa hupungua ukali.

Haya yote, ndugu zangu, ni kweli. Kijana akirudi na kuyasimulia, hasemi uongo. Hoja yetu haiko katika alichokionja. Iko katika tafsiri ya alichokionja. Kwani kila usiku huketishwa mbele ya hotuba ya Goenka, ya muda wa saa moja na zaidi, na humo huelezwa maana ya mambo ya mchana: ulichokiona ni anicca, kile ulichokiita "mimi" kwa mazoea tu ni anatta, na kung'ang'ania kwako ndiko chanzo cha dukkha. Mchana huonja, na usiku huambiwa jina la alichoonja. Mtu mwenye njaa, aliyenyamaza siku nne, aliyechoka mwili na kulainika moyo, ataikataaje tafsiri ya pekee aliyopewa?

Kokwa, basi, limo. Nalo kokwa ndilo linaloota.

MAJIBU KWA HOJA ZAO

Wanasema kwanza: mafunzo haya hayana dini, na Goenka mwenyewe alikuwa akisema kuwa ni ya watu wote. Ni kweli kuwa alisema hivyo. Lakini mwanzoni mwa mafunzo mwanafunzi hutakiwa atamke kwa Kipali maneno ya kukimbilia kwa Buddha, kwa mafunzo yake na kwa jumuiya ya watawa. Huelezwa kuwa hakimbilii kwa mtu, bali kwa sifa njema za mtu huyo. Sisi tunauliza: sifa ya nani, na kwa lugha ya nani? Zaidi ya hayo, kanuni ambayo mwanafunzi huisoma na kuikubali kabla ya kuingia inamtaka aache kwa siku zote hizo kila namna ya sala, ibada, funga na kuhesabu tasbihi. Husemwa kuwa lengo si kuzilaani ibada hizo, bali kuijaribu njia hii peke yake bila kuchanganya. Lengo lolote liwalo, hesabu haibadiliki. Siku kumi mara sala tano ni sala hamsini za faradhi. Zoezi la kukimbia ufukweni halijapata kumtaka mtu aache sala hata moja. Kitu kinachoitaka nafasi ya Sala kimekwisha kujitaja chenyewe ni kitu gani.

Wanasema pili: sisi hatuendi huko, tunafuata ile ya hospitali na maofisi, iliyosafishwa. Hiyo nayo ina historia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanafunzi wa mwalimu wa Zen kutoka Korea, Seung Sahn, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani. Mwaka 2011 aliandika waziwazi kwamba tangu mwanzo alijitahidi sana kutafuta namna ya kuyasema mambo hayo ili yasionekane kuwa ni ya Kibuddha, huku akieleza kuwa chimbuko lake ni mafunzo hayo hayo. Hatumtuhumu kuwa ana nia mbaya; aliwaona wagonjwa wenye maumivu, akataka kuwasaidia. Lakini mwenye duka akikiri kuwa alibandua karatasi ya jina kwenye chupa, mnunuzi ana haki ya kuuliza lililokuwa limeandikwa.

Wanasema tatu: inaponya, na sayansi imethibitisha. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Waliona nafuu ya kadiri katika wasiwasi, huzuni na maumivu, lakini hawakupata ushahidi kuwa taamuli inazishinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mahojiano na makumi ya watu wa Magharibi waliofuata taamuli ya Kibuddha. Miongoni mwao walikuwamo waliopatwa na hofu kali, kukosa usingizi na kupotewa na hisia ya kuwa wao ni wao, na baadhi yao hali hiyo iliwadumu kwa muda mrefu. Vituo vya Goenka navyo huwatahadharisha wenye maradhi makubwa ya akili wasijiunge. Nafuu ipo, na khatari ipo. Anayeitaja moja na kuificha nyingine ni mchuuzi, si tabibu.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi ni ya itikadi. Muislamu anaamini kuwa anayo nafsi iliyoumbwa, itakayosimamishwa mbele ya Mola wake na kuulizwa. Njia hii inafundisha kuwa ukitazama vya kutosha hutaikuta nafsi hiyo. Muislamu akipata utulivu humshukuru aliyempa. Katika njia hii hakuna Muumba wa kushukuriwa. Kuna pumzi, mtazamo, na kupita kwa vitu. Mtu aweza kuchagua moja kati ya hizi mbili, na hakuna kulazimishana katika dini. Asichoweza ni kudai kuwa hakuchagua.

Na hapa tuwafanyie uadilifu Wabuddha. Hekalu lao lipo Upanga, Dar es Salaam, tangu zama za Waingereza, na kila mpita njia analijua kwa jina lake. Uganda, Mganda mwenzetu Bhikkhu Buddharakkhita, aliyekutana na dini hiyo alipokuwa masomoni India, alianzisha mwaka 2005 Kituo cha Wabuddha cha Uganda karibu na Entebbe. Jina la kituo hicho halimdanganyi mtu. Ugomvi wetu si na watu hao, nao ni majirani. Ugomvi wetu ni na wale wanaoificha dini ya wenzao ili waiuze, kisha wanamficha Muislamu anachokinunua. Wanawadhulumu wote wawili.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, makala haya yangekuwa na upungufu mkubwa kama yangeishia hapo. Kijana wetu haondoki msikitini kwenda kutafuta kimya mahali pengine kwa kuwa amemchoka Mola wake. Huondoka kwa kuwa kimya hicho hakukikuta kwetu.

Ametukuta tunasali kama kuku anavyodonoa mchele. Imamu hajakamilisha rukuu, maamuma amekwisha kusujudu. Tarawehe tunaishindanisha kwa saa, na msikiti unaosifiwa ni ule unaomaliza mapema. Tunayo habari mashuhuri ya mtu aliyesali haraka haraka mbele ya Mtume (s.a.w.), akaamrishwa mara tatu arudi akasali, kwa kuwa hakuwa amesali. Tunaisoma darasani, kisha tunatoka kwenda kuswalisha kama yule mtu.

Mtume wetu alikuwa akijitenga katika pango la Hira hata kabla ya kushukiwa na wahyi. Tunayo itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, lakini wangapi kati yetu huiingia bila simu mfukoni? Tunayo mafunzo ya muraqaba, yaani mja kujua kuwa anatazamwa. Tunao uradi wa baada ya Sala, ambao tumeugeuza kuwa mwendo wa vidole. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Ar-Ra'd, aya ya 28, imekwisha kututajia ni wapi moyo unapata kituo chake: ni katika kumdhukuru Muumba. Tumeihifadhi aya hiyo na kuitundika ukutani. Kuionja, tumewaachia wengine wachache.

Na kijana akija na wahaka uliomkosesha usingizi, tunamjibu nini? "Imani yako ni dhaifu." Huo ndio mlango anaotokea. Mbuddha wa Rangoon alimsikiliza Goenka na kipandauso chake kabla ya kumkatalia. Sisi hatumsikilizi wetu hata hiyo mara moja.

Kwa hiyo tunasema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Anayeelekezwa na daktari kuvuta pumzi pole pole ili moyo upunguze mapigo, na afanye. Pumzi ni neema ya Mwenyezi Mungu wala haina dini ya mtu. Mwenye maradhi ya akili na apelekwe hospitali bila aibu. Lakini asiiache Sala hata moja kwa ajili ya kimya chochote, wala asitamke maneno ya kukimbilia kwa mwingine asiyekuwa Mola wake, wala asikubali kuambiwa kuwa nafsi yake ni ndoto.

Nanyi maimamu wetu, msiishie kukataza. Refusheni rukuu na sijida. Wafundisheni watu maana ya wanayoyasema katika Sala. Baada ya Sala ya Alfajiri, acheni taa chache na msiwafungie milango wanaotaka kubaki mpaka jua lichomoze. Waruhusuni vijana waseme dhiki zao bila kuhukumiwa kabla ya kumaliza sentensi.

Yule kijana wa mfano aliamshwa na kengele saa kumi za alfajiri, akaitika, akakaa saa kumi akivumilia maumivu ya goti kwa ajili ya utulivu. Kila alfajiri muadhini wetu naye huita, katika saa ile ile au karibu yake. Kila mmoja wetu na ajiulize, kabla ya kumlaumu kijana huyo, yeye mwenyewe huitikia kwa subira kiasi gani.

Wabillahi tawfiq.